Pesa inaisha tarehe 12: tafuta shida iko wapi kabla ukate chakula ya watoto

Hii ni ya watu wa huku kwetu, Kisumu, Nakuru, Kakamega, Busia, Bungoma, na popote penye mtu analala akipiga hesabu kichwani na hesabu inakataa. Nyumba nyingi zikibanwa kitu ya kwanza kukatwa ni chakula, maziwa inatoka chai inakuwa ya rangi, halafu chakula ya mchana inaruka, na mwezi ukiisha bado renti haijalipwa juu chakula haikuwa shida tangu mwanzo. Mimi naamini kabisa sahani ya mtoto haifai kuguswa kabla mjue pesa inapotelea wapi. Kwa hivyo twende dalili moja baada ya nyingine, tafuta yenye inafanana na nyumba yako, ingine ruka.

Kabla ya dalili yoyote, fanya hii

Piga *334#, ingia kwa akaunti yako ya M-Pesa uitishe stetimenti ya miezi mitatu itumwe kwa imeili, ama uichukue kwa app. Kama huna imeili tumia ya mtoto ama ya jirani unayemwamini. Kaa chini na kalamu, kila laini yenye ni ada ya kutuma, ada ya kutoa, Fuliza (mkopo wa M-Pesa ukikosa salio), Okoa Jahazi (mkopo wa kredo ya simu) ama mkopo wa app iwekee alama, halafu jumlisha hizo peke yake. Usijumlishe unga wala nauli, hizo zenye alama tu. Watu wengi hawajawahi kuona hiyo namba mahali pamoja, na kwa nyumba zingine inaweza kutosha kujaza mtungi mdogo wa gesi.

Halafu chukua karatasi uandike mapato ya mwezi ya nyumba yote, utoe vitu vinne pekee: renti, chakula, nauli ya kwenda kazi, karo. Ukibaki na hasi hapo, basi shida yako ni pesa kidogo, na hakuna ujanja wa kubana utaimaliza, nenda mpaka dalili ya mwisho. Ukibaki na chanya na bado tarehe 12 huna kitu, pesa inavuja mahali ama inafika wakati mbaya, na hizo zina dawa. Usichanganye hizi mbili. Mwenye pesa kidogo akiambiwa ajifunze kubana anaumia bure, na mwenye pesa inavuja akiongeza kibarua anaongeza tu maji kwa ndoo iliyotoboka.

Dalili: pesa inaingia na dakika hiyo hiyo imepungua

Hapa karibu kila mara ni Fuliza. Venye inafanya kazi ni hivi: ukikosa salio inakulipia, inakata asilimia 1 ya kile umechukua, halafu kuna ada ya kila siku mpaka umalize, na pesa yoyote ikiingia kwa laini yako inalipa deni kwanza kabla wewe uiguse. Tangu Oktoba 2022 deni ya shilingi 1,000 kushuka chini ina siku tatu za kwanza bila ile ada ya kila siku. Kumaanisha ukifuliza 600 jioni na ulipe kesho asubuhi imekugharimu kitu kidogo sana. Yenye inakuua ni kuiacha ikae wiki mbili, ilipwe na mshahara, halafu siku hiyo hiyo ufulize tena juu mshahara umerudi pungufu. Hiyo si mkopo tena, ni nyumba inaishi mwezi mmoja nyuma na inalipia ada kila siku kwa kuishi nyuma.

Kutoka hapo ni kazi ya polepole. Ukiweza, mwezi huu ukilipa usichukue yote tena, kama ulikuwa unafuliza 3,000 chukua 2,400, mwezi ujao 1,800, mpaka iishe. Ukijaribu kuiacha yote siku moja utarudi kwa jirani ama kwa shailoki na huko ni mbaya zaidi. Ukimaliza, piga *234# utoke kabisa, juu limiti ikiwa pale na mtoto anataka pesa ya trip utaichukua.

Okoa Jahazi nayo inakata asilimia 10, ukikopa ya 50 unapata ya 45. Ni kidogo lakini kuna nyumba hufanya hivyo kila siku mbili mwaka mzima.

Na apu za mikopo ya simu: kabla uchukue angalia kama iko kwa orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Sheria ya 2022 ya wakopeshaji wa dijitali inawakataza kutisha mtu, kutukana, na kupigia watu walio kwa simu yako kukuaibisha. Wakikufanyia hivyo weka meseji na rekodi, hiyo ni ushahidi wa kulalamika, usikimbie ukakope kwingine ndio uwanyamazishe.

Dalili: hakuna kitu kubwa umenunua lakini pesa imeisha

Hii ndio nataka tukae nayo kidogo juu ndio ya nyumba nyingi huku Nyalenda, Manyatta, Kaptembwa, Rhonda. Unanunua ya leo leo. Mafuta ya kupika ya 20, sukari ya 20, majani ya 10, makaa mkebe mmoja, unga nusu. Mwenye kioski hana makosa, yeye pia anabeba mzigo kutoka sokoni na anakufungulia mpaka saa nne usiku na wakati mwingine anakupa deni. Lakini lazima ujue unalipa ngapi kwa hiyo huduma.

Pima hivi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe na uikaushe vizuri, na kwa wiki moja kila ukitumwa mafuta ya kupima mwambie akuwekee kwa hiyo chupa. Hesabu ni mara ngapi mpaka ijae. Tuseme imejaa baada ya mara saba za shilingi 20, hiyo ni 140 kwa nusu lita, yaani 280 kwa lita. Sasa nenda duka la jumla uulize lita ni ngapi. Tofauti ndio unalipa kwa sababu hukuwa na pesa ya lita siku ya kwanza. Fanya hivyo na sukari, na sabuni ya unga. Kitu yenye tofauti yake ni kubwa ndio ya kwanza kununua kwa wingi, si zote mara moja, moja tu. Ukiokoa kwa mafuta mwezi huu hiyo pesa inanunua sukari kilo mbili mwezi ujao, halafu sukari inalipia ya tatu. Inachukua kama miezi mitatu ama minne lakini haihitaji mshahara uongezwe.

Kama pesa ya kuanzia haipo kabisa, wamama wanne ama watano wa ploti moja wanaweza kuchanga wanunue jerikeni ya lita 10 ama 20 wagawane. Muwe na chombo kimoja cha kupimia na mgawane wote mkiwepo, mambo ya "nitakuwekea yako" ndio huleta maneno.

Mahindi sasa. Huku tunanunua kwa gorogoro, na gorogoro ni kama kilo mbili hivi. Ukienda Kibuye ama Luanda ama soko yoyote ya siku kubwa, angalia ule mkebe kabla umwagiwe: kama chini umepigwa ukaingia ndani, hapo umepoteza ngumi nzima ya mahindi kila mara. Muulize kwa heshima, "Mama, naomba unipimie na ule mwingine," na akikataa kuna mwenye ako karibu naye. Angalia pia venye anamwaga, wengine wanaweka kilima juu, wengine wanakata na kijiti. Bei sawa lakini mahindi si sawa. Shika mahindi mkononi, uma moja, ikiwa laini ama ina rangi ya kijani kijani ama harufu ya ukungu iache hata kama ni bei rahisi, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haitoki kwa kupika.

Ukisagisha mwenyewe unga wa posho bila kukoboa unapata kilo karibu zile zile ulizopeleka, na ugali yake inashikilia tumbo kuliko ile nyeupe. Busia na Siaya watu wanachanganya na mihogo na mtama, hiyo ni akili ya zamani na bado inafanya kazi. Kumbuka pia bei: mahindi hupanda sana kuanzia Mei kabla ya mavuno ya huku, na hushuka kuanzia Agosti mavuno yakiingia. Kama kuna mwezi wa kuchanga ununue gunia ni huo wa bei kushuka, lakini ikauke kabisa kwanza.

Mboga na kitoweo nitapita haraka juu mnajua kuliko mimi. Omena, mgongo wazi, managu, mrenda, kunde, maharagwe. Maharagwe loweka usiku kucha, chemsha ya siku tatu mara moja, makaa unayookoa ni mengi. Uji wa wimbi asubuhi badala ya mkate, na hapo mtoto hajapoteza kitu, amepata zaidi. Nakuru mko karibu na viazi na kabeji za Molo na Mau Narok, nendeni Wakulima asubuhi mapema, ama jioni wakitaka kufunga.

Dalili: tokeni za stima zinaisha mbio kuliko zamani na hakuna kitu imebadilika

Bei ya yuniti moja si sawa kwa kila mtu. Tangu Aprili 2023 kuna madaraja matatu ya nyumbani: mwenye anatumia yuniti 30 kushuka kwa mwezi, mwenye anatumia zaidi ya 30 mpaka 100, na mwenye anapita 100, na kila daraja juu yuniti ni ghali zaidi. Wanaangalia wastani wa miezi mitatu iliyopita. Kwa hivyo wageni wakija Desemba, pasi na hita ya maji zikawaka kila siku, unaweza kuhamishwa daraja na uendelee kulipa bei ya juu mpaka wastani ushuke. Si ati mita imeharibika.

Kuna kitu ingine ya ploti. Kama nyumba sita mnatumia mita moja, matumizi yenu yanajumlishwa na ploti nzima inakaa daraja la juu, hata kama wewe una balbu mbili na redio. Hiyo ni sababu nzuri ya kukaa chini na landilodi muongee mita za kila mlango, na muangalie pia ile mita ndogo yake inauza yuniti kwa bei gani ukilinganisha na risiti ya tokeni. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inaweza kula yuniti moja, piga nguo za wiki yote siku moja ikiwa bado moto.

Dalili: mwezi ulikuwa sawa mpaka kukatokea kitu

Matanga, mgonjwa, mtoto amefukuzwa shule. Watu husema hizi ni dharura lakini ukiangalia nyuma mwaka mzima hakuna mwezi ulipita bila moja. Basi hiyo si dharura tena, ni matumizi, na lazima iwe na laini yake kwa karatasi.

Ya matanga naongea kwa heshima kubwa. Huku kwetu kuzika mtu vizuri ni jambo la heshima na hakuna mtu atakuambia uache kuchanga, na siku yako ikifika utawahitaji hao hao. Lakini magrupu ya WhatsApp yamekuwa mengi, ya ukoo, ya kijiji, ya kanisa, ya shule uliyosoma, na kila moja ina paybill. Amua mwanzo wa mwezi kiasi kimoja cha michango yote, tuseme 500, igawanye venye utaona, ikiisha imeisha. Wa damu kwanza. Kwa wengine peleka mikono yako, chota maji, pika, panga viti, lala pale usiku. Kwa matanga hiyo inahesabiwa, wazee wanaona nani alikuwepo. Kama kuna chama cha kuzikana kijijini chenye kinaeleweka hesabu yake, hiyo ya kila mwezi kidogo ni afadhali kuliko kushtukiziwa elfu tano.

Ugonjwa: kama hujajisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, fanya hivyo kwa *147#, usajili ni bure, na huduma za msingi za zahanati na kituo cha afya, yaani levo ya 2 na 3, zinategemea usajili. Ya hospitali kubwa ndio inahitaji mchango. Kwa wasio na mshahara ni asilimia 2.75 ya mapato, isipungue 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima, yaani si chini ya 3,600. Hiyo ni mzigo kwa mtu wa kibarua najua, kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole wa kukopeshwa hiyo ulipe kidogo kidogo, uliza masharti yake vizuri kabla uingie. Na tafadhali, dawa ya presha, ya sukari, na zingine za kila siku, usiruke hata siku moja ndio uokoe pesa.

Dalili: kuna siku mnakula vizuri na kuna wiki hakuna kitu

Hii ni ya watu wa tuktuk, bodaboda, mjengo, samaki, miwa. Ukijumlisha mwaka pesa labda inatosha, lakini renti inataka tarehe 5 na kazi haijui tarehe. Dawa ni kubadilisha bili ifanane na kazi yako. Renti ya 4,500 ukigawa kwa siku 26 za kazi ni kama 175 kwa siku, toa hiyo kwanza kabla ya petroli ya kesho, uiweke mahali huwezi kuifikia haraka. Ama ongea na landilodi umlipe 1,125 kila Jumamosi, wengi wanakubali juu wanajua tarehe 5 hawaipati.

Wenye omena mnajua venye mbalamwezi ikiwa kubwa ziwani inakuwa kidogo, juu inavuliwa na taa usiku wa giza. Hiyo wiki inakuja kila mwezi, kwa hivyo iko kwa kalenda, nunua unga yake wakati wa giza. Petroli nayo bei mpya hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kawi, kila tarehe 14, kama unalipa nauli ya kila siku ama una pikipiki angalia siku hiyo upige hesabu ya mwezi upya. Wa miwa mnangoja mwaka mmoja na nusu ama zaidi, na malipo huchelewa tena juu yake, msikope kwa matumaini ya hiyo pesa kama haina tarehe, na miwa ikiwa bado midogo pandeni maharagwe katikati ya mistari.

Dalili: mnagombana juu ya pesa na kila mtu anasema yeye hana

Mara nyingi kuna mkopo mmoja ambao mwenzako hajui. Ama kuna kubeti. Hakuna bajeti itafanya kazi kama watu wawili wanatumia namba tofauti. Wekeni stetimenti zote mbili mezani, watoto wakilala, na mkubaliane jioni hiyo hakuna kulaumu, ni kuandika tu. "Baba watoto, mimi nina deni ya chama ya elfu nne, wewe uko na gani?" Mmoja akianza hivyo, wa pili anapata njia. Kama ni kubeti iseme wazi, toa hiyo app, na pesa ya nyumba ikae kwa laini ya mwenzako kwa muda. Inauma lakini watoto wanaumia zaidi.

Dalili: simu za madeni zinapigwa kila saa

Usilipe mwenye anapiga kelele zaidi. Linda kwanza paa, halafu chombo cha kazi kama pikipiki ama cherehani iliyowekwa rehani, halafu deni zenye zinakua kila siku, halafu zingine. Rafiki na ndugu mwisho, lakini wao ndio wa kupigiwa simu kwanza waelezwe. Na usingoje landilodi akuje na kufuli, mtumie meseji kabla tarehe ifike, kitu kama hii:

"Habari ya asubuhi mzee. Mimi ni wa nyumba namba 6. Mwezi huu kazi imekuwa chini, renti yote sitaipata tarehe 5. Leo natuma 1,500, na 1,500 kila moja ya Jumamosi mbili zinazofuata. Nikikwama nitakuambia mapema. Asante sana kwa kuelewa."

Kiasi na siku, bila hadithi ndefu. Halafu uhakikishe hiyo Jumamosi ya kwanza imelipwa hata kama ni kwa kuuza kuku.

Dalili: umefunga mianya yote na bado ni hasi

Basi ni pesa kidogo, na si kosa lako. Hapa ni kupunguza zile kubwa na kutafuta msaada wenye upo. Kuhama nyumba ya renti ndogo mara nyingi kunaokoa kuliko miezi sita ya kuruka chakula, lakini hesabu na nauli, kutoka Kondele kwenda Mamboleo unaweza kuokoa 1,000 ya renti ukalipa 1,500 ya tuktuk. Kuna wenye wanapeleka mtoto mmoja kwa nyanya yake ushago kwa muhula mmoja, hiyo ni uamuzi wa familia, ila msimtoe shule katikati ya muhula.

Karo: nenda umuone mwalimu mkuu mwenyewe kabla muhula ufunguliwe, na pesa kidogo mkononi na karatasi ya tarehe za kulipa. Fomu za basari za NG-CDF (mfuko wa eneo bunge) na za kaunti ni vitu viwili tofauti, omba zote. Kwa kawaida wanataka muundo wa karo kutoka shule, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nakala za vitambulisho vya wazazi, na muhuri wa chifu ama naibu wake. Tengeneza kopi mara moja uziweke kwa bahasha, juu fomu hutoka na kufungwa haraka sana na wenye hukosa ni wale wanaanza kutafuta cheti siku ya mwisho. Uliza kwa ofisi ya wadi sasa hivi, kabla watoto wafunge shule.